Mguu wa Saa Tisa

Jumatatu, 4 Novemba

Siku ya kumi na tisa ugenini. Ratiba ya sherehe ya kutuaga imebandikwa kwenye mlango wa bwalo. Jumamosi, saa tisa alasiri. Hotuba, hotuba, zawadi, hotuba. Kisha, kwa herufi kubwa, KILELE: Mwalimu atavalishwa mguu wake mpya mbele ya wageni wote, atembee hatua kumi. Halafu Mwenyeji, mkuu wa karakana hii tuliyokuja kujifunza, atatia saini karatasi ya kuipa karakana yetu mashine ya kupimia kama ile yao. Halafu soda.

Mimi nimepangiwa neno la shukrani. Dakika tatu. Bwana Ratiba ameshaniandikia! "Tulikuja gizani, tunaondoka na mwanga." Gizani? Mwaka wa ishirini na mbili huu natengeneza miguu bandia, na taa huwa zinawaka. Nimemwambia hivyohivyo. Akasema mama, hayo ni maneno ya adabu tu, wewe soma. Ndiye mkuu wa karakana yetu na kiongozi wa msafara. Jina la Bwana Ratiba tumempa sisi mafundi sita, naye anajifanya halijui.

Asubuhi saa mbili wamempima huyo Mwalimu. Mwanamke huyu amefundisha hesabu miaka thelathini na tano, kisukari kimemchukua mguu wa kushoto chini ya goti. Mdomo hakijamchukua. Alikuja moja kwa moja kutoka kitandani, kigutu kimefungwa bandeji, amelala nacho juu ya mto usiku kucha. Mashine ikazungushwa kama tochi, picha ikatokea kwenye kompyuta, watu makofi. Kwa kweli inapendeza. Dakika mbili! Mimi kwa plasta nachukua saa nzima na kuloa mpaka kwapani.

Nikauliza: na alasiri je, anapimwa tena?

Mwenyeji akacheka, si kwa ubaya. Dada, mashine haikosei.

Sikuuliza habari za mashine. Niliuliza habari za mguu.

Kumbe hapa wagonjwa wanaonwa asubuhi tu. Chumba cha mashine kinapigwa na jua la mchana na mashine haipendi joto, basi saa tano wanafunga. Tangu ije, miaka miwili sasa, hakuna aliyegusa kigutu cha mtu baada ya saa sita. Miaka miwili! Na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda mwenyewe. Saa tisa kamili, na futi yangu ya kitambaa mfukoni. Mwalimu anakaa kwenye hosteli ya wagonjwa, nyuma ya chumba cha kufulia. Nimemkuta kwenye kiti cha magurudumu, kigutu kinaning'inia tangu chai ya asubuhi, anasahihisha hesabu za wajukuu wa mpishi.

Nikaomba ruhusa. Nikapima pale pale walipopima wao. Jana asubuhi karatasi yao inasema ishirini na tisa. Leo alasiri thelathini na moja! Kigutu kikining'inia kutwa huvimba.

Nikamwambia. Akainua miwani. "Sentimita mbili. Karibu asilimia saba." Akafikiri kidogo. "Yaani wamenipima nimelala, halafu watanivalisha nimekaa?"

Ndiyo, Mwalimu.

"Darasa la tano wangelikataa swali hilo."

Nikambonyeza ngozi pembeni mwa mfupa kwa ncha ya kalamu. Unasikia hapa? Hapana. Hapa? Kidogo. Ngozi isiyosikia haipigi kelele. Mguu ukimbana yeye atatabasamu tu, na kesho yake kuna kidonda, na kwa sukari ile kidonda hakiponi, na goti linaondoka. Mtu mwenye goti anatembea. Mtu asiye na goti anabebwa.

Nikamfuata Bwana Ratiba bwaloni. Nikampa namba zote mbili. Akanivuta kando ya birika. Mama, funika kombe mwanaharamu apite. Hatua kumi tu! Akishatembea, mashine ni yetu, watamrekebishia baadaye. Unataka turudi mikono mitupu kwa sababu ya sentimita mbili?

Nikamwambia hatua kumi zinatosha kutoa kidonda.

Akasema sauti yangu iko juu. Ilikuwa juu. Ikae hukohuko.

Namfikiria kaka yangu. Aliangukiwa na jiwe la machimbo, akapewa mguu mzuri, rangi ya ngozi hasa, picha ikapigwa, mama akalia kwa furaha. Wiki ya pili mguu ukaingia chini ya kitanda na haujatoka hadi leo. Mbele ya daktari alisema hauumi. Wote husema hauumi. Mtu aliyekupigia makofi utamwambiaje kwamba zawadi yake inakung'ata? Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nafagia chumba chake kila Jumamosi na ufagio unagonga ule mguu. Ndiyo maana nikaingia kazi hii.

Kasuku, tunayelala naye chumba kimoja, anashona mikanda ya miguu na hanyamazi hata akisinzia. Nimemsimulia yote. Kaweka sindano chini. Kisha: "Sasa dada, tunafanya nini?"

Tunafanya! Kasema mwenyewe. Asije akaruka.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefanya.

Asubuhi nilimwendea Mwenyeji kwa njia ya heshima, kabla mtu hajasema nilimzunguka. Nikamweleza polepole. Alinisikiliza, hilo nampa. Akaniambia alihangaika miaka minane kuipata mashine hii, barua baada ya barua, ofisi baada ya ofisi. Sasa mgeni wa wiki tatu anamfundisha? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, dada. Akatabasamu, akafungua mlango nipite.

Nikapita. Nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu.

Nikamwambia: naweza kukutengenezea mwingine kwa mkono, kwa kipimo cha saa tisa. Asubuhi kigutu kikipungua unakivalisha soksi mbili, mchana unavua moja. Sina ruhusa ya mtu yeyote. Ukisema hapana, sitakuja tena.

"Ruhusa ya mguu wa nani?" akauliza.

Wako.

"Basi umeshapata."

Tumefungia plasta katika chumba cha kufulia, mashuka yanazunguka nyuma yetu. Kasuku kashika ndoo. Bandeji ya plasta ikiwa bado mbichi naizungusha, halafu vidole gumba viwili chini ya pia ya goti, nabana, nahesabu mpaka ishike. Hapo ndipo mguu unapobebwa, hapo na mahali pengine pawili, mfupa ukiachwa upumue. Mashine inaona umbo. Haijui mahali pa kubana na mahali pa kuacha, hilo linabaki kwa mtu aliyekaa kwenye kompyuta, na yule wa hapa hajawahi kubana kitu zaidi ya kitufe.

Sina ugomvi na mashine, niseme ukweli. Naitaka! Vidole gumba vyangu vimekwisha, siku za baridi siwezi kufungua chupa. Ningeipenda mashine ile kama mke mwenza aliyekuja kunisaidia kazi. Lakini ipime saa tisa pia.

Mwalimu ananitazama wakati nabana. Anauliza mbona nauma ulimi. Sijui. Nimeuma ulimi miaka ishirini na mbili bila mtu kuniambia.

Alhamisi, 7 Novemba

Haraka. Kalibu imejazwa plasta, imekauka, nimelichonga umbo la kigutu kwa tupa na msasa wakati wenzangu wako kwenye somo la kompyuta. Nimesema tumbo linasumbua. Kasuku kaongeza chumvi, kasema naharisha. Sasa msafara mzima unaniletea maji ya chumvi na sukari.

Tatizo: wayo, na bomba la kuuunga na kikombe kinachoshika kigutu. Stoo yao ina kufuli na kitabu cha saini. Nimekaa kitandani nawaza, macho yakatua kwenye zawadi yetu.

Tumewaletea mguu wa mfano. Tuliutengeneza sisi sote sita, tumeung'arisha, wautundike ukutani. Mguu wa kushoto, chini ya goti. Wayo wa sentimita ishirini na tano. Mwalimu anavaa ishirini na nne na nusu!

Mguu mzima wa kutundikwa ukutani, na mwanamke hana wa kutembelea. Nimeufungua skrubu nne bila hata kuuliza roho yangu.

Kasuku: "Dada, zawadi ya watu!"

Nikamwambia zawadi ni ya karakana yao, na Mwalimu ni mgonjwa wa karakana yao. Wameshaipata. Kasuku kacheka mpaka kalala chini. Sanduku tumelifunga upya na karatasi yake ya maua. Ni jepesi mno, itabidi tuweke kitu kabla ya Jumamosi.

Jioni Bwana Ratiba kaona plasta kwenye kiwiko changu. Hakuuliza ni ya nini. Kanyoosha mkono tu: karatasi ya hotuba. Atasoma mwingine. Mimi Jumamosi nitasimamia meza ya soda, huko nyuma.

Vizuri. Huko nyuma kuna nafasi ya mfuko mkubwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Tanuri ya plastiki inalindwa na mzee mmoja asiyecheka. Kasuku kamwendea saa ya chakula, kamwambia ukweli mtupu. Ukweli! Mimi nilikuwa nimemwandalia uongo mzuri sana. Mzee kauliza: ni wa yule anayewasahihishia wajukuu wa mpishi hesabu zao? Kawasha tanuri.

Shiti ya plastiki ikalainika, tukaivuta juu ya umbo la plasta, watu wawili, glavu mpaka mabegani, sekunde chache tu kabla haijagoma. Imekaa. Haina mkunjo hata mmoja. Nimekata ukingo, nimelainisha, nimefunga bomba na wayo wa zawadi, Kasuku kashona mkanda.

Saa tisa alasiri, kati ya vitanda viwili vya hosteli. Mwalimu kaingiza kigutu. Kimeingia kwa sauti ile ndogo ninayoipenda, hewa inatoka. Kasimama. Nikasubiri. Uso haukusema kitu. Kapiga hatua, mkono kwenye reli ya kitanda. Nyingine. Kaachia reli. Katembea mpaka dirishani, kasimama pale kama mtu anayesubiri darasa litulie.

Nikamvua baada ya dakika kumi, nikakagua ngozi yote kwa tochi ya simu. Nyekundu kidogo pale nilipobana, kama inavyotakiwa, ikaisha upesi. Kwingine safi.

Nililia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Nililia, na Kasuku akalia kwa kuwa mimi nalia, na Mwalimu akasema kama tumemaliza, tuna mambo ya kupanga.

Nilitaka aje na mguu huo shereheni, ameshauvaa, ugomvi uishe mlangoni. Amekataa! Anasema mtu hapewi jibu, anaonyeshwa alipokosea. Watu wote wale wa asubuhi wanavalishwa miguu ya asubuhi, na Mwenyeji akiona mmoja tu kwa macho yake, mbele ya wageni, atabadili. Akifichwa atasema ni wivu wa mafundi wa nje. Kwa hiyo ataketi, atawaacha wajaribu mguu wao, na ukimbana atasema basi. Hapo ndipo mimi nitoke na mfuko wangu. Si kabla.

Nikamwambia Mwalimu, ngozi yako haisikii.

"Sikufundisha miaka thelathini na tano ili nishindwe kusema basi."

Si kusema, Mwalimu. Ni kusikia.

Akanitazama kwa jicho lile la darasani. Kaniapisha nisitoke: "Mpaka nitakaposema mimi." Ni mguu wake. Mimi mwenyewe nilisema ni wake, juzi, kwa mdomo wangu. Nikaapa. Sikupenda, na bado sipendi.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi. Mabegi yamefungwa. Basi letu linaondoka kesho alfajiri. Nimevaa gauni la bluu, si sare ya msafara. Bwana Ratiba kaniangalia kuanzia juu hadi chini, kaenda kupanga viti. Mambo yanaanza kunyooka.

Saa nane na nusu. Bwalo limepambwa kwa karatasi za rangi. Wageni wamejaa, kuna mwenye suti ya vipande vitatu ukihesabu koti na kizibao. Mguu wao uko mbele, ndani ya kasha la kioo, umefungwa utepe mwekundu kama keki. Mimi niko nyuma kabisa na kreti sita. Mfuko uko chini ya meza, kitambaa kinagusa sakafu. Kasuku kakaa karibu nami na ameapa kutosema neno. Tuone.

Saa tisa na robo. Hotuba ya pili. Naandika juu ya kreti. "Tulikuja gizani" imesomwa na fundi wetu wa viatu, macho chini. Makofi. Sikupiga.

Bwana Ratiba kakabidhi sanduku la maua. Kalinyanyua, kakunja uso, kasema karibu na maiki kwamba zawadi ni nzito kwa sababu ya upendo. Ni nzito kwa sababu ya plasta. Ndani kuna lile umbo la plasta la kigutu cha Mwalimu, na juu yake nimeandika kwa kalamu nene: SAA TISA ALASIRI, SM 31. Kasuku kauma mkono wake asicheke. Mwenyeji hajalifungua. Kaliweka mezani karibu na ile karatasi ya kutia saini.

Saa tisa na dakika arobaini. Mwalimu kaingizwa. Yuko kwenye kiti tangu saa moja asubuhi, nimemwona mwenyewe. Toka huku nyuma naona kilivyovimba. Kasha limefunguliwa. Utepe umekatwa.

Hauingii.

Mwenyeji kapiga goti mbele yake, yeye mwenyewe, na suti yake. Anasukuma taratibu. Hauingii. Watu wananong'ona. Mtu wa kompyuta kaleta poda. Bwana Ratiba anachungulia huku nyuma, ananitafuta, ananitikisia kichwa. Usithubutu. Namtazama tu.

Sema basi, Mwalimu.

Poda. Wamemsimamisha ili uzito wake usukume. Wawili wamemshika kwapa, anashuka ndani ya mguu kama mtu anayeshindilia gunia...

Umeingia! Makofi. Makubwa! Wamesimama wote. Mwenyeji anafuta jasho na anacheka, na macho yake yamelowa. Miaka minane. Namwelewa, na bado ningemzaba kofi.

Mwalimu kasimama. Uso umetulia. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Watu wanahesabu kwa sauti kama watoto. Wamemsimamisha, mpiga picha anataka wageni wasimame naye mmoja mmoja. Mwenye suti kwanza.

Gauni lake wamelipandisha na kulifunga pembeni ili mguu uonekane vizuri pichani. Na mimi naona. Juu ya ukingo wa kikombe nyama imefurika, mstari mzima. Ilikuwa nyekundu. Sasa inageuka rangi ya zambarau iliyokomaa, na pale kwenye mfupa, mbele, imekuwa nyeupe. Nyeupe! Damu haifiki hapo. Na zimebaki hatua saba, na wageni wa kupiga picha wako tisa.

Mwalimu kanitafuta kwa macho. Kaniona. Katabasamu na kuinua kidole gumba: hauumi.

Anasema kweli. Hasikii kitu. Anasubiri kubanwa ili aseme basi na ameshabanwa dakika nne.

Kasuku: "Dada, uliapa."

Niliapa.

Mwenyeji kachukua kalamu, anaijaribu kwenye kiganja chake ili wino ushuke. Bwana Ratiba kanisogelea, kasimama katikati ya meza yangu na watu, mikono nyuma. Anasema polepole bila kugeuka: mama, dakika mbili tu. Dakika mbili na mashine ni ya wagonjwa wetu wote. Wafikirie wao.

Nawafikiria. Nawajua kwa majina na kwa vigutu.

Nimevuta mfuko. Mguu uko mkononi, sijauficha, watu wa viti vya nyuma wameshageuka. Mwalimu atanikasirikia. Haidhuru, anikasirikie akiwa na goti.

Nampa Kasuku daftari ashike. Mikono yote miwili ina kazi.